Ndumakuwili Miongoni mwa Mashujaa: Mhusika Mwenye Utata wa Kimaadili katika Michezo ya Kuigiza ya Mezani

Utangulizi

Sisi wahakiki wa fasihi ya Kiswahili tumezoea kumchambua mhusika kama chombo kilichokwisha kufinyangwa. Mwandishi ameiweka kalamu chini, au mtambaji amekwisha kutamba, nasi twaja baadaye na mizani yetu: je, ni mwema au mwovu, ni bapa au duara? Makala haya yanakusudia kumtazama mhusika wa namna nyingine, afinyangwaye na watu kadhaa kwa pamoja, papo kwa papo, pasi na mmoja wao kuujua mwisho wake. Huyo ni mhusika wa michezo ya kuigiza ya mezani, na hasa yule asiyekuwa mwema kamili wala mwovu kamili, ambaye amejikuta katika kundi la mashujaa.

Huenda msomaji akauliza mchezo uliozaliwa Marekani wahusianaje na kazi yetu. Jibu ni kwamba mchezo huu unalifufua swali ambalo nadharia zetu za uhusika hulipita kwa haraka: mhusika anapotenda uovu, dhima ni ya nani? Katika kitabu swali hilo ni la kinadharia. Mezani, kama tutakavyoona, lina uwezo wa kuvunja urafiki.

Mchezo wenyewe

Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa kwa biashara ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, na kutolewa mwaka 1974 katika mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Watu wanne au watano huketi mezani pamoja na msimamizi. Msimamizi hueleza mahali na tukio: mlango wa pango, kijiji kilichochomwa moto, askari wa langoni anayedai kodi. Kila mchezaji hueleza kwa kinywa chake afanyalo mhusika wake, na penye shaka hutupwa dadu, iliyo mashuhuri zaidi ikiwa ile ya pande 20, ili bahati iamue. Kisa kimoja huweza kuendelea kwa miezi au miaka, mhusika yule yule akikua mikononi mwa mchezaji yule yule.

Mtafiti wa fasihi simulizi atayatambua hapa mambo anayoyajua: utungaji wa papo kwa papo, uzito wa sauti na ishara, na kisa kisichokuwa na nakala moja iliyo sahihi. Hata hivyo kuna tofauti moja kubwa. Katika utambaji, fanani na hadhira ni pande mbili, hata pale ambapo hadhira huitikia na kuimba. Mezani, kila mmoja ni fanani na kila mmoja ni hadhira. Tofauti hii ndiyo msingi wa hoja yetu yote.

Mizani ya maadili

Tangu mwanzo watungaji wa mchezo huu walijaribu kuupima moyo wa mhusika. Toleo la 1974 lilikuwa na pande tatu: utaratibu, vurugu, na hali ya katikati. Mwaka 1975 kilitolewa kijitabu cha nyongeza kilichomwingiza mwizi mchezoni, na pamoja naye mpiganaji mtakatifu aitwaye paladini. Kufikia 1978, katika kitabu cha wachezaji cha toleo lililopanuliwa, mizani ilikuwa na mihimili miwili, mmoja wa utaratibu na vurugu, mwingine wa wema na uovu. Mihimili hiyo ilipokutanishwa ilizaa vyumba tisa, na kila mhusika alitakiwa kupewa chumba chake.

Kanuni za paladini zaonyesha jinsi mizani hiyo ilivyokuwa kali. Katika kitabu hicho cha 1978, paladini hakuruhusiwa kufuatana na waovu. Wale wa katikati aliruhusiwa kuandamana nao kwa safari moja tu, tena iwapo safari yenyewe ilikuwa na lengo tukufu. Kwa hiyo mchezaji mmoja akichagua paladini na mwenzake akachagua mwizi, ugomvi ulikuwa umekwisha kuandikwa kabla ya dadu kutupwa.

Baadaye mizani ililegezwa. Toleo la 1989 lilimwondoa muuaji wa kukodiwa katika orodha ya kazi za wahusika. Toleo la 2014 lilivibakiza vyumba tisa, lakini likampa kila mhusika pia maadili anayoyaamini, jambo au mtu anayefungamana naye, na dosari. Mabadiliko haya yana maana kwa mhakiki. Chumba chatuambia mhusika ni wa aina gani, ilhali dosari na mafungamano hutuambia atavutwa na nini siku atakapofika njia panda.

Hapa yafaa kuondoa kosa moja. E. M. Forster, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1927, alitenganisha wahusika bapa na wahusika duara, na wanafunzi wetu wengi hudhani kwamba mhusika akichanganya wema na uovu amekuwa duara. Sivyo. Mwizi aibaye katika kila kikao, kwa kuwa ameandikwa mwizi, ni bapa sawasawa na paladini asaliye katika kila kikao. Utata hautokani na wingi wa maovu. Watokana na uchaguzi ambao ungaliweza kwenda upande wa pili.

Mtu, mchezaji, mhusika

Mwaka 1983 mwanasosholojia wa Marekani, Gary Alan Fine, alitoa kitabu chake Shared Fantasy kuhusu michezo hii. Akifuata nadharia ya Erving Goffman, alionyesha kwamba aketiye mezani huishi katika viunzi vitatu kwa wakati mmoja: yeye ni mtu mwenye kazi na marafiki, ni mchezaji anayezijua kanuni, na ni mhusika anayeishi ndani ya kisa. Ayajuayo mchezaji si lazima yajulikane na mhusika.

Lugha yetu yaweza kuongeza jambo hapa. Neno mhusika latokana na kitenzi husu, chenye asili ya Kiarabu. Nje ya fasihi, wahusika ni wale ambao jambo limewagusa au ambao wana dhima nalo. Tangazo la serikali husema kwamba wahusika watachukuliwa hatua. Kwa hiyo Kiswahili hakimruhusu mtu kujificha kwa urahisi nyuma ya mhusika wake. Kuwa na mhusika mezani ni kuhusika.

Kisa kimoja

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili ng'ambo nilialikwa katika kundi la wachezaji watano. Wenzangu walikuwa na mashujaa wa kawaida: mpiganaji, kasisi, mchawi mwema. Mimi, nikiwa mwanafunzi wa fasihi aliyeshiba nadharia, niliona mashujaa hao wanachosha, nikajichagulia mwizi mwenye moyo wa kigeugeu. Tulikuwa tukikilinda kijiji kimoja dhidi ya wavamizi. Kwa vikaratasi nilivyompitishia msimamizi kisirisiri, mwizi wangu akaiuza njia ya mlimani kwa mkuu wa wavamizi.

Usiku wa shambulio wahusika wawili walikufa. Mmoja alikuwa kasisi, aliyechezwa na dada mmoja kwa muda wa miaka miwili. Dada huyo alikusanya karatasi zake, akatuaga kwa upole, akaenda zake. Mimi niliuchukua ukimya wa meza ile kuwa ni heshima kwa sanaa yangu. Nilipoulizwa kwa nini, nilijibu kwamba ndivyo mhusika wangu alivyo. Kikao kilichofuata hakikufanyika, wala kundi lile halikukutana tena.

Kwa muda mrefu nililaumu wenzangu kwa kutoielewa tanzia. Nilirudi kulitafakari jambo lile nilipokuwa nikifundisha habari za Liyongo.

Sindano ya shaba

Utendi wa Fumo Liyongo uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913 wajulikana kwa wasomaji wa jarida hili. Mtawala wa Pate amrubuni mwana wa Liyongo. Mwana amdadisi babaye siri ya kifo chake. Kisha amchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Kikulacho ki nguoni mwako. Yule mwana ni miongoni mwa wahusika wenye utata mkubwa kabisa katika fasihi yetu, kwani ni mtoto anayependwa na papo hapo ni silaha ya adui.

Mbona basi usaliti ule huikusanya hadhira badala ya kuitawanya? Nadhani jibu ni hili. Msikilizaji ameambiwa mapema juu ya hila ya mtawala. Amjua mwana na anakokwenda, naye humwonea Liyongo uchungu kutoka mahali salama. Yeye mwenyewe hachomwi kitovu. Mezani kwetu yule dada alikuwa Liyongo na alikuwa pia hadhira. Kwa kumficha kila kitu nilimnyang'anya kiti cha hadhira, nikamwachia kile cha Liyongo peke yake. Alichokipata hakikuwa tanzia, bali rafiki aliyemchezea shere kwa wiki kadhaa.

Hapa ndipo tofauti kati ya mhusika mwenye utata na ndumakuwili inapoonekana. Ndumakuwili, yule nyoka anayesadikiwa kuwa na vichwa viwili, hutisha kwa sababu hujui kichwa ni kipi. Mhusika mwenye utata huonekana wazi akiwa njia panda, na mvuto wake ni kwamba twamwona akisita.

Masharti ya utata

Kutokana na hayo twaweza kutaja masharti matatu. La kwanza ni kwamba siri iwe baina ya wahusika, isiwe baina ya wachezaji. Kasisi asijue kwamba mwizi amepokea dhahabu, lakini mchezaji wa kasisi ajue. Akijua, huweza kumpeleka kasisi wake mtegoni kwa hiari, naye akawa mtunzi mwenza wa kifo hicho badala ya kuwa mhanga wake.

La pili ni kwamba mchezaji awape wenzake sababu ya kuendelea kufuatana na mhusika wake. Mashujaa wa kweli wasingalimvumilia mwizi asiye na faida wala pendo. Wahenga walisema mchawi mpe mtoto akulelee. Mwizi aliyekabidhiwa ulinzi wa mtoto wa kijiji ana jambo la kupoteza, na hapo kusita kwake huwa na uzito. Jukumu la kuitafuta sababu hiyo ni lake yeye aliyemchagua mhusika mgumu. Akijitetea kwamba ndivyo mhusika alivyo, hujibiwa kwa swali jepesi: ni nani aliyemfanya hivyo?

La tatu ni mapatano ya awali juu ya mambo ambayo meza haitayagusa. Makundi mengi ya leo huanza kwa kikao cha kupatana kabla ya kisa. Mengine huweka mezani kadi yenye alama ya X, ambayo mchezaji yeyote aweza kuigusa ili tukio lililomwelemea liachwe bila kudaiwa maelezo. Wapo wanaodhani kwamba jambo hili huidhoofisha sanaa. Mimi naona kwamba mwenye kujua mwenzake ataweza kusimama huthubutu kwenda naye mbali zaidi.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba utata wa kimaadili, pale kisa kinapotungwa na wengi, si sifa ya mhusika peke yake. Ni uhusiano baina yake na wale wanaomtazama na kumvumilia. Walimu wa fasihi simulizi wangeweza kulipima jambo hili darasani kwa kuwapa wanafunzi kisa cha Liyongo wakitunge upya kwa kuigiza, mara ya kwanza hadhira ikiijua hila, mara ya pili ikifichwa. Nadhani majadiliano yatakayofuata yatawafunza juu ya dhima ya mhusika mambo ambayo ufafanuzi wa bapa na duara haujawahi kuyagusa.

Ama yule dada, nilimwandikia barua miaka kadhaa baadaye, nikamweleza niliyoyaeleza hapa. Alinijibu kwa ukurasa mmoja. Alisema kwamba lau angaliambiwa, kasisi wake angaliipita njia ile ya mlimani vilevile.