Gari la Waya na Safari ya Kariakoo

Waulize watu waliokulia Dar es Salaam miaka ya 1970 na 1980 walichezea nini, na wengi watakutajia gari la waya. Mazungumzo hayakawii kuhamia safari ya Kariakoo, siku chache kabla ya Idi au Krismasi, kwenda kununua nguo za sikukuu. Ukitazama juu juu, mambo haya mawili hayahusiani, maana gari la waya halikununuliwa. Lilitengenezwa nyuma ya nyumba. Hata hivyo yanakumbukwa pamoja, na naamini sababu ipo. Yote mawili yalimwonyesha mtoto jinsi kitu kinavyopatikana, tangu mwanzo hadi kinapofika mkononi. Tunapoukumbuka utoto kwa hamu, hicho ndicho tunachokililia, kuliko hata kile kichezeo chenyewe.

Tulitazame gari. Mwili wake ni waya mnene uliookotwa, ukakunjwa kwa jiwe au kwa koleo la kuazima. Magurudumu ni kandambili iliyokwisha, ikakatwa duara kwa wembe; aliyekosa kandambili alitumia visoda. Kutoka mbele huinuka waya mrefu wenye usukani juu, ili dereva aendeshe huku anakimbia nyuma ya gari lake. Ugumu wote uko hapo mbele: usukani ukifungwa kwa kukaza mno, gari halikati kona, ukilegea, linakwenda litakako. Mtoto alilitatua hilo kwa kuchungulia la mwenzake, kufungua na kufunga tena. Likiharibika, alijua pa kushika.

Kariakoo nayo ilikuwa na somo lake. Eneo hilo, lililopata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, lilipata jengo jipya la soko mwaka 1975, kazi ya msanifu Beda Amuli. Mtoto aliyepelekwa huko hakwenda kuchagua. Alipimishwa kiatu, kikazidi kidole kimoja mbele, akasikia mama akisema kitamfaa hadi mwakani. Bei ikatajwa, ikakataliwa, mama akageuka kama anayeondoka, muuzaji akamwita. Hela zikafunguliwa kwenye pindo la kanga na kuhesabiwa mbele yake. Mwisho kabisa, chenji ikiruhusu, ndipo likanunuliwa puto, filimbi, au saa ya plastiki ambayo mishale yake imechorwa tu. Mtoto alijua kwa nini amepata saa na si mpira. Alikuwapo hesabu ilipopigwa.

Kuna watakaosema huku ni kuupamba umaskini, na hoja yao ina uzito. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, sukari na sabuni vilikuwa vitu vya kupangia foleni, na watoto wengi walikunja waya kwa sababu gari la dukani halikuwapo au halikushikika kwa bei. Waya ulichana mikono. Tena mchezo huo ulikuwa zaidi wa wavulana; dada zao waliitwa jikoni mapema, au walibebeshwa mgongoni mtoto wa kweli badala ya mwanasesere wa matambara. Hayo si ya kutamani hata kidogo. Lakini uhaba peke yake hauielezi kumbukumbu hii. Foleni ya sukari nayo ilizaliwa na uhaba, na sijui nani anayeisimulia kwa hamu. Masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje yalilegezwa mwaka 1984, vichezeo vya plastiki vikaongezeka madukani, na waliozaliwa baadaye bado wanaisimulia Kariakoo ya sikukuu kwa furaha ileile.

Wengine watasema kumbukumbu hudanganya, na hamu ya zamani si ya kuaminiwa. Johannes Hofer, tabibu aliyeipa hamu ya namna hii jina la kitaalamu huko Basel, Uswisi, mwaka 1688, aliihesabu kuwa ugonjwa. Lakini utafiti wa wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, na wenzao, uliochapishwa mwaka 2006, ulichunguza watu husimulia nini hasa wanapoikumbuka zamani kwa hamu. Mara nyingi walisimulia juu ya watu wao wa karibu, na vitu vilitajwa kwa uchache zaidi. Mtu anaweza kukosea rangi ya shati la Idi ya mwaka fulani. Safari iliyorudiwa kila mwaka na mama yuleyule haifutiki kirahisi hivyo.

Leo gari la betri huingia nyumbani jioni ndani ya mfuko, limelipiwa kwa simu, na mtoto hakusikia bei wala hakuona kilichoachwa ili lipatikane. Simlaumu mzazi anayefika nyumbani saa mbili usiku. Jumamosi nzima ya kuzunguka Kariakoo na watoto hana. Hata hivyo, duka la Mangi, muuzaji wa rejareja, liko mtaani. Mtoto anaweza kwenda na mzazi wake, akapewa shilingi 2,000, akauliza bei mwenyewe, akaambiwa hiki hakiwezekani na kwa nini. Na gari la betri likigoma, kabla ya kulitupa, mpeni bisibisi. Mengi yana skrubu chache tu chini ya tumbo, na ndani yake mna waya.