Mimoza kubwa: kichaka kinachongoja maji yashuke

Leo tuongelee kichaka ambacho wengi wanapita kando yake bila kuuliza jina: Mimosa pigra, tuiite mimoza kubwa. Asili yake ni Amerika ya joto, lakini leo iko sehemu nyingi za Afrika, na Kongo yetu ndani.

Kuitambua haiko kazi. Mnajua ule mmea mdogo unaokunja majani watoto wakiugusa? Huyu ni ndugu yake mkubwa. Naye anakunja majani, lakini anafika hata mita 6, iko na miiba, na maua yake ya rangi ya waridi ni ya mviringo kama kampira kadogo. Maganda ya mbegu yana manyoya magumu. Yakikauka yanavunjika vipande-vipande, kila kipande na mbegu moja. Kipande hicho kinaelea juu ya maji, kinashika nguo na ngozi ya mbuzi. Mbegu ikifunikwa na mchanga inaweza kukaa zaidi ya miaka 20, kiisha ikaota.

Sasa, kwa nini inatuhusu? Ziwa Tanganyika linapokea mito mingi, lakini mto unaotoa maji yake ni mmoja tu: Lukuga, hapa kwetu. Mwaka 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron aliukuta umezibwa na majani. Ziwa lilizidi kupanda mpaka, mwishoni mwa miaka ya 1870, maji yakavunja kizuizi. Mimoza haikutajwa pale, na mafuriko ya 2021 na 2024 yaliletwa hasa na mvua. Lakini tumekwisha kuona kwamba mlango huu mimea inaweza kuufunga.

Hatari iko hapa: mimoza inapenda udongo mtupu wenye unyevu. Ziwa likipanda, linaua majani ya kandokando. Likishuka, linaacha matope wazi. Njo shamba lake. Ikishasimama msitu mzima, nyasi hazioti chini yake, mvuvi hapati njia ya kufika majini, mashina yanakamata matope, na maji yanapunguza mwendo.

Majirani wetu Wazambia wameona. Kwenye mabonde ya Kafue, baada ya mabaraji kubadili mafuriko ya kawaida, mimoza ilianza na hekta chache tu miaka ya 1980. Miaka 25 hivi baadaye ilipita hekta 2,000, ikachukua malisho ya swala wa majini. Kuing'oa leo kunataka watu wengi na feza nyingi.

Tufanye nini basi? Kuchoma hakutoshi, sababu moto unaamsha mbegu zilizolala. Kukata juujuu pia bure, kisiki kinachipuka tena. Dawa ni kung'oa michanga na mizizi yake, mbele maganda hayajakomaa, na kurudi pale pale kila mwaka. Tena tuangalie mchanga wa kujengea: ukichotwa penye mimoza, unabeba mbegu mpaka kwenye parsele yako.

Wenye kusoma agronomia na mazingira, kazi njo hii: tutembee kando ya Lukuga, tuandike wapi iko na wapi haiko. Mti mmoja unang'olewa asubuhi moja. Hekta elfu mbili ni kazi ya miaka.