Je, Mgema Alilitia Tembo Maji? Sayansi ya Kutoridhika na Matangazo ya Televisheni

Kila mwaka, katika Jumapili moja ya mwezi wa Februari, mamilioni ya watu nchini Marekani huketi mbele ya televisheni kutazama Super Bowl, yaani fainali ya ligi ya mpira wa Kimarekani. Mchezo huo si kandanda tunayoijua sisi. Mpira wake umechongoka pande mbili, na aghalabu huchukuliwa kwa mikono. Jambo la kushangaza ni kwamba wako watazamaji wengi ambao hawaujali sana mchezo wenyewe. Wao husubiri matangazo ya biashara yanayoonyeshwa mchezo unaposimama. Na jambo la kushangaza zaidi ni kwamba, kesho yake, malalamiko huwa ni yale yale: matangazo ya mwaka huu hayakufikia yale ya zamani.

Tukiyapokea malalamiko hayo kama yalivyo, hatuna budi kukubali kwamba matangazo hayo yamekuwa yakiporomoka mwaka baada ya mwaka kwa muda wa miongo kadhaa, ingawa gharama za kuyatengeneza zimezidi kupanda. Wahenga wetu walikuwa na maelezo yao kuhusu mambo ya namna hii: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Je, ni kweli kwamba mgema wa Marekani ametia maji? Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba mtazamaji anaweza kusikitika kwa dhati hata kama tembo halikuongezwa tone moja la maji. Tutaona pia kwamba jambo hili linatuhusu sana sisi tunaofundisha na kusoma katika shule za sekondari.

Biashara ya macho na masikio

Tangazo la kwanza la kulipiwa katika televisheni ya Marekani lilionyeshwa mjini New York tarehe 1 Julai 1941, kabla ya mchezo wa besiboli. Lilikuwa tangazo la saa za Bulova, na liligharimu dola 9 tu. Super Bowl ya kwanza ilipochezwa mwezi wa Januari 1967, nafasi ya sekunde 30 iliuzwa kwa takriban dola 40,000. Mwaka 2025 baadhi ya nafasi za sekunde 30 ziliuzwa kwa dola milioni 8.

Kwa nini kampuni ikubali kulipa kiasi hicho? Tufanye hesabu. Watazamaji wa mchezo wa 2025 walizidi milioni 120. Tukigawa dola milioni 8 kwa watu milioni 120, tunapata chini ya senti 7 za Kimarekani kwa kila mtazamaji. Kinachouzwa hapa, basi, ni uangalifu wa watu. Mtazamaji hudhani kwamba yeye ndiye mnunuzi sokoni, kumbe macho na masikio yake ndiyo bidhaa.

Mchezo wenyewe umeumbwa kana kwamba ulikusudiwa kwa biashara hiyo. Saa ya mchezo huhesabu dakika 60, lakini mchezo husimama mara kwa mara, na matangazo hupata nafasi. Kandanda, kwa upande wake, huendelea kwa dakika 45 bila mapumziko yaliyopangwa kwa ajili ya matangazo. Kombe la Dunia lilipochezwa Marekani mwaka 1994, televisheni za huko zililazimika kuonyesha mchezo mfululizo na kuweka alama za wafadhili kando ya saa kwenye kioo.

Furaha hupimwa kutoka wapi?

Tukimpa mtu embe moja, je, atafurahi? Jibu linategemea alichokuwa akitarajia. Aliyetarajia kukosa atafurahi. Aliyeahidiwa maembe matatu atanung'unika. Embe ni lile lile.

Jambo hili limechunguzwa hadi ndani ya ubongo. Mtaalamu Wolfram Schultz, alipokuwa akifanya utafiti nchini Uswisi, alipima utendaji wa seli za neva zinazotoa kemikali iitwayo dopamini katika ubongo wa nyani. Nyani alipopewa matone ya maji ya matunda bila kutazamia, seli hizo zilichangamka. Baadaye nyani alifundishwa kwamba taa ikiwaka, maji ya matunda yatafuata. Sasa seli zilichangamka taa ilipowaka, lakini maji yenyewe yalipokuja hazikuongeza chochote. Na taa ilipowaka kisha maji yasije, utendaji wa seli ulishuka chini ya kiwango chake cha kawaida, tena katika wakati ule ule ambapo maji yalitarajiwa. Maelezo mashuhuri ya matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1997 na Schultz pamoja na wenzake Peter Dayan na Read Montague. Uchunguzi uliofuata kwa binadamu umeonyesha ishara zinazofanana na hizo.

Tunaweza kuyaandika matokeo hayo kwa kanuni fupi:

ishara = kilichopatikana – kilichotarajiwa

Chukua mfano. Jioni ya kawaida mtazamaji hatarajii mengi kutoka kwa tangazo. Tuseme anatarajia alama 3 kati ya 10. Likija tangazo la alama 5, ishara ni +2, naye anatabasamu. Siku ya Super Bowl ameambiwa kwa majuma kadhaa kwamba ataona maajabu, naye anatarajia alama 9. Likija tangazo la alama 7, ambalo ni bora kuliko lile la kwanza, ishara ni –2. Tangazo lililo bora zaidi limeleta masikitiko. Sifa zilizotangulia ndizo taa iliyowaka. Nazo zimekwisha kuitumia furaha kabla haijafika.

Jaribio la dadu

Sasa tuliendee swali la mgema mwenyewe. Mwezi wa Januari 1984, kampuni ya Apple ilionyesha katika Super Bowl tangazo la kompyuta yake mpya ya Macintosh. Lilitengenezwa na Ridley Scott, mwelekezaji wa filamu, na hadi leo huhesabiwa miongoni mwa matangazo bora kupata kutokea. Mwaka uliofuata kampuni hiyo hiyo ilileta tangazo jingine, lililoonyesha wafanyabiashara waliofungwa vitambaa machoni wakifuatana na kutumbukia gengeni mmoja baada ya mwingine. Watazamaji wengi waliliona kuwa ni dharau kwao. Je, watu wa Apple walilewa sifa? Huenda, lakini kabla ya kuwahukumu, mwalimu na afanye jaribio lifuatalo darasani.

Kila mwanafunzi arushe dadu mbili na kuandika jumla yake. Wale waliopata 10, 11 au 12 wasimame na kupigiwa makofi. Katika darasa la wanafunzi 36, tutegemee wapatao sita, na wastani wa alama zao utakuwa karibu na 10.7. Sasa hao sita warushe tena. Wastani wao mpya utaelekea kwenye 7, ambao ndio wastani wa dadu mbili. Kwa kundi dogo kama hilo matokeo yanaweza kuyumba, lakini jaribio likirudiwa mara nyingi mwelekeo utadhihirika. Wameanguka mara baada ya kusifiwa! Hata hivyo, hakuna atakayesema kwamba dadu zimelewa sifa.

Wanatakwimu huliita jambo hili mrejeo kuelekea wastani. Mwingereza Francis Galton alilieleza mwaka 1886 alipolinganisha vimo vya wazazi na vya watoto wao: watoto wa wazazi warefu mno walikuwa warefu, lakini kwa wastani hawakuwapita watu wengine kwa kiasi kile kile cha wazazi wao. Sharti la kutokea kwa mrejeo ni hili: matokeo yawe na sehemu ya uwezo na sehemu ya bahati. Dadu ni bahati tupu, kwa hiyo hurejea hadi kwenye wastani. Tangazo zuri huhitaji ustadi, lakini pia huhitaji bahati: hali ya watu siku hiyo, bidhaa inayotangazwa, hata msisimko wa mchezo. Kwa hiyo tangazo linalofuata lile bora kabisa aghalabu litashuka, ingawa halitashuka mpaka chini.

Kumbukumbu ni chekecheke

Sababu ya tatu imo katika kumbukumbu zetu. Tuseme kila mwaka huonyeshwa matangazo 50, na mtazamaji ametazama kwa miaka 40. Ameona matangazo 2,000. Akiulizwa yale ya zamani, atakumbuka labda 10, na hayo bila shaka ni yale yaliyomgusa. Mengine 1,990 yamepita katika tundu za chekecheke. Kisha mtu huyo huyalinganisha matangazo yote 50 ya usiku huu na yale 10 yaliyobaki.

Mizani hiyo si ya haki. Kumi katika 2,000 ni moja katika 200. Hata kama ubora haujapungua hata chembe, katika matangazo 50 ya mwaka mmoja tutegemee robo ya tangazo la namna hiyo, yaani tangazo moja kila baada ya miaka minne. Katika miaka mingine mitatu mtazamaji atalala akilalamika.

Lakini je, malalamiko yote ni ya bure?

La. Sayansi haisemi kwamba hakuna tangazo baya. Mwezi wa Februari 2015 kampuni moja ya bima, Nationwide, ilionyesha katika Super Bowl mtoto wa kiume akisimulia mambo ambayo hatayafanya maishani. Mwishoni anaeleza kwamba hawezi kukua kwa sababu alikufa katika ajali. Ujumbe wa kuwakinga watoto na ajali za nyumbani ni wa maana. Lakini uliletwa katikati ya karamu, na hasira za watazamaji zikawa kubwa hata kampuni ikalazimika kutoa taarifa kueleza makusudi yake. Hapa kosa halikuwa katika matarajio ya watazamaji peke yake. Lilikuwa katika kuchagua mahali na wakati.

Tutatofautishaje basi lalamiko la haki na lile linalotokana na kanuni tulizozieleza? Njia ni jaribio. Chukua matangazo yote ya miaka mbalimbali bila kuchagua, yachanganye, uwaonyeshe watu ambao hawajapata kuyaona wala hawajui ni ya mwaka gani, kisha wayape alama. Ikiwa ya zamani yatashinda katika jaribio kama hilo, ndipo tutakapokuwa na ushahidi dhidi ya mgema.

Funzo kwa walimu na wanafunzi

Msomaji aweza kuuliza: mambo ya televisheni ya Marekani yanatufaa nini sisi? Yanatufaa sana. Marehemu Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alisimulia kwamba aliwahi kuwafundisha wakufunzi wa marubani wa jeshi nchini Israel. Mkufunzi mmoja alimpinga: rubani akisifiwa kwa kuruka vizuri, mara ya pili huharibu, akikaripiwa kwa kuruka vibaya, mara ya pili hutengeneza. Kwa hiyo, alisema, sifa hazifai na makaripio yanafaa. Kahneman alitambua kwamba mkufunzi huyo alikuwa ameuona mrejeo kuelekea wastani na kuupa sababu isiyo yake.

Na tujiulize kwa uaminifu: ni mara ngapi mwanafunzi aliyeongoza katika muhula wa kwanza, akashika nafasi ya tano katika muhula wa pili, ameambiwa kwamba amelewa sifa? Ni mara ngapi aliyeshika mkia amechapwa, kisha alama zake zikapanda kidogo, nasi tukaishukuru fimbo? Mtihani mmoja una sehemu ya uwezo na sehemu ya bahati: maswali yaliyotokea, afya ya siku hiyo, hata usingizi wa usiku uliotangulia. Anayehukumu kwa alama moja iliyo juu mno au chini mno atadanganyika mara nyingi, na atakayeumia ni mtoto. Mwalimu na atazame mfululizo wa mitihani kadhaa, kisha aulize ni nini kilichobadilika katika maisha ya mwanafunzi wake kabla ya kutamka neno uvivu.

Methali ya mgema ina hekima yake, kwani wako wagema watiao maji. Lakini mwanasayansi hulipima tembo kwanza.