Fiziotherapia ya sakafu ya nyonga

Fiziotherapia ya sakafu ya nyonga ni tiba ya misuli inayobeba kibofu, njia ya haja kubwa na, kwa wanawake, mfuko wa uzazi. Zoezi lake maarufu lilielezwa na daktari Mmarekani Arnold Kegel mwaka 1948: kukaza misuli kama anayezuia mkojo, kisha kuilegeza.

Mama anayevujisha mkojo akikohoa au akijitwika ndizi hunufaika nalo, pia mwanamume aliyepasuliwa tezi dume. Mtoto mwenye choo kigumu mara nyingi hufundishwa kulegeza, si kukaza.

Mkojo ukitoka mfululizo, mchana na usiku, baada ya uzazi mgumu, huenda ni fistula. Tundu hilo halizibwi kwa mazoezi. Kwa kawaida huhitaji upasuaji, ambao hufanyika katika hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971.