Fidia ya Moto na Mkono wa Mtoza Kodi

Mtu akisikia kwamba jirani yake amelipwa fidia, mara moja hudhani mambo yake yamekwisha kunyooka. Juma hili nataka tuitazame fidia moja ambayo, ilipowafikia wenyewe, ndipo hesabu ngumu zilipoanza.

Tarehe 8 Novemba 2018, huko California, Marekani, ndoano ya chuma iliyochakaa kwenye njia ya umeme ya kampuni ya PG&E ilikatika. Cheche zikashika majani makavu, upepo ukamaliza kazi. Mji wa Paradise uliteketea karibu wote. Watu 85 walikufa, na majengo zaidi ya 18,000 yakaungua. Mwaka 2020 kampuni ilikiri mahakamani makosa 84 ya kuua bila kukusudia. Kwa kuwa ilikuwa imekwisha kuomba hifadhi ya mufilisi, uliundwa mfuko wa dola bilioni 13.5 kwa waathirika wa moto huo na wa mioto mingine: nusu fedha taslimu, nusu hisa za kampuni ile ile iliyowaunguza. Hilo la hisa lina kisa chake, tuliache.

Sasa kodi. Sheria ya Marekani huanza kwa kudhani kwamba kila pesa iingiayo mfukoni ni mapato, mpaka sheria yenyewe iseme siyo. Kwa fidia, swali ni hili: pesa hii imekuja badala ya kitu gani? Ikiwa ni badala ya mwili ulioumia, haitozwi kodi. Ikiwa ni badala ya nyumba, hutazamwa gharama uliyoipatia nyumba hiyo. Kinachozidi huhesabiwa faida, ingawa hukuwa na nia ya kuuza. Hapo ipo nafuu, hasa kwa anayenunua au kujenga nyingine ndani ya muda uliowekwa. Lakini ikiwa ni badala ya mshahara uliopotea, au ya hofu ya mtu aliyekimbia moto usiku asiungue, hayo ni mapato, na kodi inadaiwa.

Hapo ndipo anapoingia wakili. Kufa kufaana. Mawakili wa kesi hizi hawalipwi mbele; huchukua fungu la kinachopatikana, mara nyingi karibu theluthi. Tuseme mama mmoja amepewa dola 90,000 kwa uchungu wa moyo. Wakili akate 30,000, mama apokee 60,000. Je, mtoza kodi atahesabu ngapi? Atahesabu 90,000. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 2005 kwamba kwa kawaida fungu la wakili ni mapato ya mteja. Zamani mteja aliweza walau kudai punguzo fulani. Sheria ya kodi ya mwaka 2017 ikaufunga mlango huo kwa kesi za namna hii. Basi mama yule anatozwa kodi ya pesa ambazo hakuzishika hata siku moja! Tena mapato yakionekana makubwa kwenye makaratasi, msaada wa serikali wa kulipia bima ya afya nao huweza kupungua.

Mimi sioni jinsi ya kuutetea utaratibu huo. Pesa ya kumrudisha mtu alipokuwa si utajiri. Wabunge wao nao waliona hivyo, ila walichelewa. California iliondoa kodi ya jimbo kwa mfuko huo mwaka 2022. Baraza la Wawakilishi lilipitisha nafuu ya taifa zima Mei 2024, kura 382 dhidi ya 7, na Rais Biden akatia saini tarehe 12 Desemba 2024. Miaka sita ilikuwa imepita tangu moto. Fidia ya moto wa nyika, pamoja na ile ya mishahara na uchungu wa moyo, ikaondolewa kodi kwa sehemu ambayo bima haikuilipa. Waliokwisha kulipa wakaruhusiwa kudai warudishiwe.

Hata hivyo, kama ilivyotiwa saini, sheria hiyo iligusa malipo yaliyopokewa kuanzia mwanzo wa 2020 hadi mwisho wa 2025 tu. Na kifungu hicho kilihusu moto wa nyika. Mtu aliyebomolewa nyumba na kimbunga, akashtaki na kulipwa, hakumo. Yeye anakutana na lile lile swali la pesa hii imekuja badala ya nini, na fungu la wakili wake likiwa bado juu ya kichwa chake.