Kubadilishiwa Valvu ya Moyo: Kazi Haiishii Hospitalini



Harambee ya mgonjwa wa moyo si jambo geni katika mitaa yetu, iwe Dandora, Kayole au Jericho. Pesa zikipatikana na upasuaji ukifaulu, tunamshukuru Mungu, kisha kila mtu anarudi kwa shughuli zake. Lakini kwa mgonjwa, safari ndefu ndiyo imeanza.

Valvu ni nini?
Moyo una milango midogo minne inayoitwa valvu. Hufunguka kupitisha damu, kisha hufunga ili damu isirudi nyuma. Kwa vijana wetu, mara nyingi huharibiwa na homa ya baridi yabisi, ambayo huanza na koo la mtoto wa miaka 5 hadi 15. Koo lisipotibiwa, kinga ya mwili huweza kushambulia moyo wenyewe. Miaka baadaye mtu anahema akipanda ngazi, miguu inavimba, na hawezi kulala chali.

Upasuaji wenyewe
Hufanywa hapa Nairobi, kwa mfano Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na Hospitali ya Mater, South B. Kifua hufunguliwa, na mashine hufanya kazi ya moyo na mapafu huku daktari akiweka valvu mpya. Mfupa wa kifua huchukua wiki kadhaa kupona. Kwa hiyo mgonjwa asibebe mtungi wa maji wa lita 20 mpaka daktari aseme. Majirani, hiyo ni kazi yenu.

Valvu za aina mbili
1. Ya kaboni na chuma. Hudumu miaka mingi sana, lakini mgonjwa atameza dawa ya kuzuia damu kuganda, wafarini, maisha yake yote.
2. Ya ng'ombe au nguruwe. Kwa kawaida haihitaji wafarini maisha yote, lakini huchakaa, na kwa kijana huchakaa upesi zaidi. Huenda akapasuliwa tena.

Mwanamke anayetaka kuzaa amweleze daktari kabla ya kuchagua, kwa sababu wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Aliye nayo tayari asiiache mwenyewe. Amwone daktari kabla ya kushika mimba.

Anayemeza wafarini azingatie haya:
- Ameze kila siku, saa ile ile. Akiacha, damu inaweza kuganda kwenye valvu na kumletea kiharusi.
- Apimwe damu kila anapoambiwa. Dawa ikizidi, anaweza kuvuja damu.
- Sukuma wiki ale, ila kwa kiasi kile kile kila wiki.
- Asinunue dukani dawa za maumivu kama aspirini, wala asitumie miti shamba bila kuuliza.
- Kabla ya kung'oa jino, amwambie daktari wa meno ana valvu ya kuwekwa.

Akivuja damu bila kukoma, akilegea upande mmoja, akihema ghafla au homa ikikataa kwisha, apelekwe hospitali mara moja, hata kama ni usiku.

Wengi wenye ugonjwa huu huendelea pia kuchomwa sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4, ili homa isirudi.

Ya kujadiliana kikundini
1. Tukichanga pesa za upasuaji, tumetenga ngapi za dawa, vipimo na nauli ya kliniki?
2. Nani atamkumbusha mgonjwa siku ya kupimwa?
3. Mtoto akilia koo, tunampeleka kliniki au tunangoja lipoe lenyewe?