Shahada ya Kisanskriti: Yanayosomwa na Kazi Zinazofuata

Kisanskriti ni lugha ya kale ya Bara Hindi ambayo kwa zaidi ya miaka 3,000 imehifadhi dini, falsafa, sheria, tiba, hisabati na fasihi ya eneo hilo. Tenzi zake kongwe zaidi, zilizokusanywa katika Rigveda, hukadiriwa kutungwa kati ya mwaka 1500 na 1000 KK, zikarithishwa kwa mdomo karne nyingi kabla ya kuandikwa. Leo wanaokitaja kuwa lugha yao ya kwanza ni wachache mno: sensa ya India ya mwaka 2011 ilihesabu watu 24,821 katika taifa lililokuwa na watu zaidi ya bilioni 1.2. Pamoja na uchache huo, Kisanskriti kimo katika orodha ya lugha 22 za Jedwali la Nane la Katiba ya India, nalo jimbo la Uttarakhand lilikifanya lugha yake rasmi ya pili mwaka 2010.

Wasemaji haba na hadhi kubwa: hali hiyo ndiyo inayoamua ajira ya anayekisomea. Ni nadra mwajiri kumtafuta mtu kwa sababu tu anaongea Kisanskriti. Wanaomhitaji mhitimu ni taasisi zinazofundisha, kutunza, kuchapisha au kutumia maandishi yake. Kwa hiyo thamani ya shahada hii hutegemea mambo mawili: kina cha usomaji alioupata mwanafunzi, na ujuzi wa pili anaouambatanisha nao.

Njia mbili za kusoma

Nchini India shahada ya kwanza hupatikana kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya vyuo vikuu vya kawaida, kama vile Chuo Kikuu cha Delhi na Banaras Hindu University, ambako Kisanskriti husomwa kama somo kuu la Shahada ya Sanaa. Masomo haya kwa desturi huchukua miaka mitatu, na tangu Sera ya Taifa ya Elimu ya mwaka 2020 vyuo vingi vimeongeza mwaka wa nne wa hiari wenye utafiti. Mwanafunzi wa njia hii huchanganya Kisanskriti na masomo mengine, kwa mfano historia, falsafa au lugha ya kisasa.

Njia ya pili ni ya vyuo vikuu vya Kisanskriti, vinavyotoa shahada iitwayo Shastri. Shahada hii hutambuliwa kuwa sawa na Shahada ya Sanaa, na hufuatwa na Acharya, iliyo sawa na uzamili. Hapa mwanafunzi huchagua taaluma moja ya jadi, iwe sarufi, mantiki, falsafa ya Vedanta, elimu ya nyota, fasihi au taratibu za ibada, na kuisoma pamoja na fafanuzi za mabingwa wa karne zilizopita. Aghalabu mwalimu hufundisha kwa Kisanskriti chenyewe. Taasisi mashuhuri ya njia hii iko Varanasi: ilianza kama chuo mwaka 1791, na leo inaitwa Sampurnanand Sanskrit Vishwavidyalaya. Mwaka 2020 Bunge la India lilipitisha sheria iliyozipandisha taasisi tatu nyingine, mbili za Delhi na moja ya Tirupati, kuwa vyuo vikuu vya serikali kuu.

Kuchagua njia ni kuchagua pia milango ya baadaye. Shastri hufungua kazi za ukuhani na ualimu wa elimu ya jadi, ambazo mwenye Shahada ya Sanaa huzipata kwa shida. Shahada ya Sanaa, kwa upande wake, humrahisishia mhitimu kuhamia isimu, historia, uandishi wa habari au masomo ya sheria.

Nje ya India, somo hili lina zaidi ya karne mbili katika vyuo vya Ulaya. Collège de France mjini Paris ilianzisha kiti cha profesa wa Kisanskriti mwaka 1814, Bonn ikafuata mwaka 1818, na Oxford ikampata profesa wake wa kwanza mwaka 1832. Oxford bado inatoa shahada ya kwanza ya Kisanskriti. Kwingineko, kama Harvard, Chicago, Heidelberg na Leiden, lugha hii kwa kawaida husomwa ndani ya programu za Asia ya Kusini, dini au lugha za kale.

Kinachosomwa darasani

Mwanafunzi anayeanza hujifunza kwanza mwandiko wa Devanagari na mpangilio wa sauti. Mapema hukutana na kanuni za mgusano wa sauti, yaani jinsi mwisho wa neno na mwanzo wa neno linalofuata vinavyobadilishana umbo vinapokutana. Kwa kuwa maneno mara nyingi huandikwa yakiwa yameungana, kusoma mstari mmoja huanza na kazi ya kuutenganisha katika maneno yake.

Kisha huja maumbo ya nomino. Msemaji wa Kiswahili anajua jinsi kiambishi -ni kinavyoigeuza nyumba kuwa nyumbani. Kisanskriti hutumia miishio ya namna hiyo kuonyesha kazi nane za nomino katika sentensi: mtendaji, mtendwa, chombo, mpokeaji, chanzo, mmiliki, mahali na mwitwaji. Kila moja ina umbo la umoja, la uwili na la wingi. Nomino moja basi ina nafasi 24 za kujifunza, ingawa baadhi ya maumbo hufanana. Vitenzi navyo hugawanywa katika makundi kumi, kila kundi na namna yake ya kujenga shina.

Uti wa mgongo wa masomo haya ni sarufi ya Panini, bingwa aliyeishi kaskazini-magharibi mwa Bara Hindi yapata karne ya 5 au ya 4 KK. Kitabu chake, Ashtadhyayi, kina karibu kanuni 4,000 fupi sana. Panini hakuorodhesha maneno sahihi na makosa kama vitabu vingi vya sarufi vifanyavyo. Aliandika mfumo ambao mtu akiufuata hatua kwa hatua, kutoka mzizi na viambishi, atalizalisha neno lililokamilika. Aliweka pia kanuni za juu zinazosema ni kanuni ipi itawale pale mbili zinapogongana. Kwa kawaida mwanafunzi wa shahada ya kwanza huanza na muhtasari wake, hasa ule wa Varadaraja wa karne ya 17, na wa njia ya jadi huendelea hadi kitabu kizima na fafanuzi zake.

Miaka inayofuata hujaa matini. Husomwa sehemu za Mahabharata na Ramayana, mashairi na tamthilia za Kalidasa, Upanishad, maandiko ya sheria, na Arthashastra, kitabu cha Kautilya kuhusu utawala, kodi na vita. Vyuo vingi huongeza historia ya fasihi, nadharia ya ushairi, na misingi ya kusoma maandishi ya mawe na mabamba ya shaba. Kwa kazi hii ya kila siku mwanafunzi huzoea kutolipita neno asilolielewa na kutoa hoja iliyo na ushahidi wa matini. Waasisi wa isimu ya kisasa walipitia malezi hayo hayo. Franz Bopp alianzisha ulinganishi wa lugha kwa kitabu cha mwaka 1816 kilichojengwa juu ya Kisanskriti, na Ferdinand de Saussure, ambaye kila mwanafunzi wa isimu Dar es Salaam au Nairobi hukutana na jina lake, aliandika tasnifu yake ya uzamivu juu ya sarufi ya lugha hiyo na baadaye akaifundisha Geneva.

Ualimu

Mwajiri mkubwa wa wahitimu nchini India ni shule. Katika majimbo mengi Kisanskriti hufundishwa kama lugha ya tatu katika madarasa ya kati, na huweza kuchaguliwa hadi mwisho wa sekondari. Shahada ya kwanza peke yake haitoshi. Mhitimu huhitaji shahada ya ualimu, ambayo kwa kawaida ni ya miaka miwili, kisha hufanya mitihani ya usaili ya serikali kuu au ya jimbo. Anayetaka kufundisha chuo kikuu huhitaji uzamili na kufaulu mtihani wa taifa wa wahadhiri, unaofanyika mara mbili kwa mwaka. Wanaopata alama za juu hupewa pia posho ya utafiti inayowawezesha kusoma uzamivu.

Ajira hii ina udhaifu wake: hutegemea sera. Mwaka 2014 serikali kuu iliamua kwamba Kijerumani kisiendelee kufundishwa kama lugha ya tatu katika shule zake za Kendriya Vidyalaya, na Kisanskriti kikachukua nafasi hiyo katikati ya mwaka wa masomo. Uamuzi huo uliwafaa walimu wa Kisanskriti, lakini unaonyesha pia kwamba kinachoongezwa na wizara leo kinaweza kupunguzwa na wizara kesho.

Miswada na uhariri

Eneo linalohitaji wataalamu kwa dhati ni miswada. India ina mamilioni ya miswada ya mkono, mingi ya Kisanskriti, iliyoandikwa juu ya majani ya mitende, magome ya miti na karatasi, kwa miandiko mbalimbali kama Sharada na Grantha. Sehemu kubwa haijahaririwa wala kuchapishwa. Mwaka 2003 serikali ilianzisha mradi wa kitaifa wa kuiorodhesha, kuihifadhi na kuipiga picha za kidijitali.

Uzito wa kazi hii unaonekana katika historia ya Arthashastra. Kwa karne kadhaa kitabu hicho kilijulikana kwa kutajwa tu na waandishi wengine. Mwaka 1905 mkutubi wa Mysore, R. Shamasastry, aliutambua mswada wake ulioandikwa juu ya majani ya mitende, na mwaka 1909 akauchapisha. Mtu mmoja aliyejua kusoma alichokishika alibadilisha elimu ya dunia kuhusu siasa za India ya kale.

Kazi za namna hii hufanywa na taasisi kama Bhandarkar Oriental Research Institute ya Pune, iliyohariri Mahabharata kwa kulinganisha mamia ya miswada kuanzia mwaka 1919 hadi 1966, na Deccan College ya mji huo huo, ambako mradi wa kamusi kubwa ya Kisanskriti ulioanza mwaka 1948 bado unaendelea. Idara ya Mambo ya Kale ya India nayo ina tawi la wasomaji wa maandishi ya mawe, lenye makao makuu Mysuru. Nafasi si nyingi, na zinamhitaji mtu mwenye uzamili anayejua zaidi ya mwandiko mmoja.

Kompyuta na lugha

Hudaiwa mara kwa mara kwamba Kisanskriti ndiyo lugha bora kuliko zote kwa kompyuta. Chanzo cha dai hilo ni makala ya Rick Briggs ya mwaka 1985, iliyolinganisha uchambuzi wa wanasarufi wa India na mbinu za kuwakilisha maarifa katika akili unde. Makala hiyo haikuthibitisha dai hilo, na programu za kompyuta haziandikwi kwa Kisanskriti. Mwanafunzi asichague shahada kwa kutegemea uvumi huo.

Ukweli wenyewe unatosha kumvutia. Kutenganisha maneno yaliyoungana na kuchambua maumbo kwa mashine ni tatizo halisi la isimu kompyuta. Gérard Huet wa Ufaransa na Amba Kulkarni wa Chuo Kikuu cha Hyderabad wamejenga zana za uchambuzi huo, na mwaka 2022 Google iliongeza Kisanskriti katika huduma yake ya tafsiri. Mhitimu anayejua sarufi ya Panini na pia kuandika programu anaweza kufanya kazi ambayo mwanasarufi pekee au mhandisi pekee hawezi kuimudu.

Kazi nyingine

Utumishi wa umma uko wazi kwa mwenye shahada yoyote, na katika mtihani mkuu wa taifa wa India fasihi ya Kisanskriti ni mojawapo ya masomo ya hiari, yenye karatasi mbili zenye jumla ya alama 500. Jeshi la India huajiri walimu wa dini, na kwa makuhani wa Kihindu huhitaji Acharya au Shastri pamoja na mafunzo ya ibada. Jumuiya za Wahindu walio nje ya nchi, zikiwamo za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, nazo huhitaji makuhani. Redio ya taifa, All India Radio, hutangaza habari kwa Kisanskriti tangu mwaka 1974, lakini wanaoajiriwa huko ni wachache.

Katika tiba ya Ayurveda mipaka ieleweke vizuri. Shahada ya Kisanskriti haimpi mtu ruhusa ya kutibu. Tabibu husomea shahada yake ya miaka mitano na nusu. Vyuo hivyo hata hivyo huwafundisha wanafunzi wao Kisanskriti ili wasome vitabu vya Charaka na Sushruta, hivyo huwahitaji walimu wa lugha. Vyuo vya yoga huwahitaji vilevile kwa ajili ya matini za falsafa yake. Tafsiri kwa wachapishaji ni kazi ya heshima, lakini mara nyingi huambatana na ajira nyingine.

Uamuzi wa mwombaji

Kwa ujumla, shahada ya kwanza ya Kisanskriti ni mwanzo wa safari ya masomo ya miaka mitano au zaidi. Anayehitaji mshahara mara tu baada ya miaka mitatu atapata nafasi chache. Anayekusudia kufika uzamili au ualimu ana njia inayojulikana, na ataimarika zaidi akiongeza mapema ujuzi wa pili: ualimu, utunzaji wa nyaraka, programu za kompyuta, au lugha nyingine kama Kipali, Kiajemi au Kijerumani. Kwa mwombaji wa Afrika Mashariki, Baraza la India la Mahusiano ya Kitamaduni hutoa ufadhili wa masomo kwa wanafunzi wa Afrika, na taarifa zake hutolewa na balozi za India. Kabla ya kujiandikisha popote, mwombaji achunguze ni walimu wangapi wa kudumu walioko katika idara, ni matini zipi zinazosomwa kwa Kisanskriti chenyewe badala ya tafsiri, na wahitimu wa miaka ya karibuni wako wapi. Idara inayojibu maswali hayo matatu bila kusitasita inastahili kukabidhiwa miaka ya kijana.